Simiti ya Sosiot haifuati kalenda ya Nairobi

Asubuhi Sosiot, kule Kericho, ni ya sweta mbili. Mwenye ploti ya nyumba za kukodisha ana swali moja tu: "Fundi, mbao za slabu tunatoa lini?" Fundi anamwambia siku kadhaa, zile zile alizozoea akiwa mjengo wa Nairobi.

Shida iko hapo. Simiti haikauki kama nguo kwa kamba. Inakunywa maji, inageuka jiwe, na ikigeuka inatoa joto. Joto nalo linaharakisha kazi. Slabu ni nyembamba, kwa hivyo baridi ya usiku inalinyakua mapema.

Sasa soma gunia. Likisema CEM IV/B, asilimia 36 hadi 55 ni pozolana, ambayo hapa kwetu mara nyingi ni mawe ya volkeno yaliyosagwa. Klinka ndiyo huanza: inakutana na maji, inatoa joto na kuacha chokaa. Pozolana husubiri chokaa hiyo ndiyo nayo ishike. Kwa bwawa kubwa huo upole ni baraka, maana zege nene likichemka sana ndani hupasuka. Hoover Dam kule Marekani ilibidi ipitishiwe mabomba ya maji baridi ndani ya zege. Lakini kwa slabu ya Sosiot? Ni kuchelewa juu ya kuchelewa.

Wasee wa hesabu wana njia. Ile ya Nurse na Saul, iliyozaliwa Uingereza karibu 1950, inasema: chukua joto la zege, ongeza 10, zidisha kwa saa. Zege la nyuzi 25 linaokota pointi 35 kwa saa. La nyuzi 15 linaokota 25. Kwa hivyo siku saba za kule kwenye joto ni karibu siku kumi huku. Hiyo ni hesabu ya huruma. Ukitaka ya simiti iliyochanganywa, unapima joto la simiti yenyewe kwa kalorimita, kisha unahesabu klinka na pozolana kila moja na saa yake.

Fundi hana kalorimita, sawa. Ana karatasi ya nailoni ya kufunika slabu usiku, na anaweza kuitisha simiti ya 42.5 badala ya 32.5. Nguzo za chini ya slabu zikae muda mrefu kuliko mbao za pembeni, hata Nairobi. Mwenye ploti atanung'unika kuhusu kodi ya hizo siku. Wacha anung'unike, watakaolala chini ya hiyo slabu ni wapangaji.