Mbwa Wako Anajikuna: Je, Daktari Wako Ameisomea Ngozi?

Ni usiku wa mwezi Julai mjini Nyeri. Baridi imeteremka kutoka mlimani na kila mtu amejifunika gubigubi. Unajaribu kulala lakini unasikia mlango ukigongwa: ko, ko, ko. Si mwizi. Ni mbwa wako anayejikuna, na mguu wake unagonga mbao za mlango. Kunapopambazuka unamtazama vizuri. Manyoya yamenyonyoka mgongoni karibu na mkia, ngozi imekuwa nyekundu, na kingo za masikio zimejaa magamba meupe.

Je, utafanya nini? Ikiwa wewe ni kama wakazi wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru, utapitia katika duka la dawa za mifugo ukielekea kazini. Utamwambia muuzaji kwamba mbwa ana upele, naye atakuuzia chupa. Jioni utamwosha mbwa kwa dawa ile ile wanayonyunyiziwa ng'ombe wa gredi ili kuua kupe. Wengine humpaka hata oili chafu ya gari.

Mpenzi msomaji, ngoja kidogo kabla ya kufungua chupa hiyo. Ngozi ya mnyama ni somo pana sana, kiasi kwamba wapo madaktari wa mifugo wanaorudi darasani baada ya kuhitimu ili kuisomea peke yake. Ukielewa wanachokwenda kujifunza huko, utajua pia la kumwuliza daktari atakayemtibu mbwa wako.

Sura moja, magonjwa mengi

Ngozi ina njia chache za kulalamika. Huwa nyekundu, huwasha, hutoa usaha, hupoteza manyoya au huwa nene na nyeusi. Lakini yanayoweza kuifanya ilalamike hivyo ni mengi mno.

Tuanze na upele wenyewe. Huletwa na kijidudu kidogo kiitwacho sakoptesi, ambacho huchimba ngozini na kutaga mayai humo. Mbwa huwashwa vibaya sana, hasa kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Ugonjwa huu huambukiza mbwa wengine haraka, na watu wanaomshika mbwa huyo huweza kutokwa na vipele vya kuwasha mikononi na kiunoni.

Kuna kijidudu kingine, demodeksi, chenye umbo refu kama sigara, ambacho huishi ndani ya vishimo vya manyoya. Watoto wa mbwa hukipata kutoka kwa mama yao wanaponyonya siku za kwanza. Mbwa wengi hukaa nacho maisha yao yote bila shida. Lakini kinga ya mwili ikilegea, manyoya huanza kutoka kuzunguka macho na miguuni. Hiki cha mbwa hakiambukizi binadamu. Kikimlemea mbwa mzima ambaye awali alikuwa na afya njema, daktari aliyesoma hujiuliza ni ugonjwa gani mwingine uliojificha mwilini na kuidhoofisha kinga hiyo.

Aidha, kuna mzio wa viroboto. Mbwa mwenye mzio huu hasumbuliwi na wingi wa viroboto bali na mate yao. Viroboto wachache tu wanatosha kumfanya ajitafune mgongo karibu na mkia hadi atoke damu. Kisha kuna choa, ambacho huletwa na kuvu na humwambukiza mtoto anayelala na paka kitandani. Kuna pia mzio wa chakula, mzio wa vumbi, bakteria, na magonjwa ya tezi ambayo hujionyesha kwenye ngozi ilhali chanzo chake ni kwingine kabisa.

Kwa macho tu, mengi kati ya haya hufanana. Dawa zake hazifanani.

Miaka mitano, wanyama wote

Huenda ukauliza, je, daktari wa mifugo hakufundishwa haya chuoni? Alifundishwa. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Kabete, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kimekuwa kikiwafunza madaktari tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Egerton nacho kina kitivo chake. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitano.

Lakini hebu fikiria kinachopaswa kuingia katika miaka hiyo. Daktari wa binadamu husomea mwili wa aina moja. Daktari wa mifugo husomea ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, farasi, punda, mbwa na paka, na juu ya hayo ukaguzi wa nyama. Ngozi ya mbwa hupata sehemu ndogo tu ya muda huo.

Akihitimu na kuja kufanya kazi huku kwetu, atakuta kwamba riziki yake inatoka kwa ng'ombe wa maziwa. Ataamshwa usiku kumzalisha ng'ombe, atatibu ndigana kali, ugonjwa wa kiwele na homa ya maziwa. Ng'ombe akipona, mkulima hupeleka maziwa kiwandani na kulipa deni la daktari. Mbwa hulinda boma lakini haleti shilingi mkononi, na mwenyewe husitasita kulipia matibabu yake. Hivyo basi, daktari ana sababu chache za kuongeza ujuzi wake kuhusu mbwa, ijapokuwa miji inakua na watu wanaofuga mbwa na paka katika mitaa wanazidi kumjia.

Wanaloongeza mabingwa

Katika Marekani, Ulaya na Australia, ubingwa wa ngozi ya wanyama ni taaluma kamili. Daktari aliyekwisha kuhitimu hufanya kazi kwanza katika hospitali ya wanyama, kisha hukaa miaka mitatu hivi chini ya bingwa akitazama ngozi tu, na mwishowe hufanya mtihani mgumu. Wengine wasioweza kuacha kazi muda huo wote huhudhuria kozi za vipindi vifupi: wiki moja au mbili darasani, kurudi kazini, kisha darasani tena.

Je, wanarudi na nini? Wengi hudhani ni dawa mpya. La hasha. Kikubwa wanachorudi nacho ni utaratibu. Bingwa huanza kwa maswali: mbwa ana umri gani, alianza kujikuna lini, anakula nini, analala wapi, kuna mtu nyumbani anayewashwa? Kuwashwa kulianza kwanza au manyoya yalitoka kwanza? Baadaye ndipo humshika mnyama.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Kwa wembe butu na tone la mafuta, daktari hukwangua ngozi taratibu mpaka damu kidogo ionekane, kwa sababu demodeksi hukaa ndani sana. Ukwanguzi huo huwekwa chini ya hadubini. Kwa utepe wa gundi hubandua seli za ngozi atafute bakteria na hamira. Husugua ukingo wa sikio kwa vidole: mguu wa nyuma wa mbwa ukianza kujikuna wenyewe, hiyo ni dalili ya upele wa sakoptesi. Dalili hiyo ni muhimu kwa kuwa kijidudu hicho ni hodari wa kujificha, na ukwanguzi mmoja usioonyesha kitu hautoshi kusema hakipo. Kwa choa, hutumia taa ya Wood, ambayo hufanya baadhi ya manyoya yenye kuvu yang'ae kijani gizani, au huotesha manyoya hayo katika maabara kwa wiki mbili au tatu.

Wembe, utepe na hadubini si vitu vya kuagizwa ng'ambo. Kinachokosekana mara nyingi ni jicho lililozoezwa kusoma linachokiona, na hilo ndilo masomo ya ziada hulitengeneza.

Mfano wa Moshi

Usidhani jambo hili haliwezekani katika eneo letu. Mwaka 1992, ng'ambo ya mpaka mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa katika hospitali ya KCMC. Wakati huo madaktari wa ngozi walikuwa haba sana na wengi waliishi katika miji mikubwa. Kituo kile hakikungoja mabingwa wapatikane. Kiliwachukua matabibu wa kawaida waliokuwa tayari kazini, kikawafunza ngozi kwa miaka miwili, kisha kikawarudisha wilayani kwao. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika. Baadaye kituo kikaanza pia kuwafunza madaktari katika kiwango cha uzamili.

Funzo lake kwa tiba ya wanyama ni wazi. Si lazima kila mji uwe na bingwa. Inatosha mji uwe na daktari mmoja aliyeongeza elimu, mwenye hadubini, ambaye wenzake wanaweza kumpelekea wagonjwa waliowashinda.

Hatari ya kubahatisha

Pasipo jicho hilo, kinachobaki ni kubahatisha, na kubahatisha kuna gharama yake. Ile sindano inayokomesha kuwashwa kwa siku chache mara nyingi ni steroidi. Ni dawa nzuri mahali pake. Lakini mbwa mwenye demodeksi au choa akidungwa, kinga yake hushuka na ugonjwa husambaa.

Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo zina hatari. Zile zenye amitrazi zikichanganywa kwa kukadiria huweza kumlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Paka ndiye huumia zaidi. Mwili wake hauwezi kuvunja dawa za jamii ya pemethrini kama mwili wa mbwa unavyoweza, tena hujilamba manyoya. Paka aliyepakwa dawa hizo huanza kutetemeka na huweza kufa.

Ivamektini ya ng'ombe, ambayo wengi huidunga mbwa, hupimwa kwa mililita 1 kwa kilo 50 za mwili. Sasa fikiria kuipima kwa sindano kubwa ya ng'ombe kwa mbwa wa kilo 8. Aidha, mbwa wa jamii ya Collie na chotara wake huweza kuwa na kasoro ya kurithi, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi ubongoni.

Afya yako imo pia

Jambo hili si la mbwa peke yake. Mtoto anayetibiwa choa mara kwa mara bila kupona huenda anaambukizwa upya na paka wa nyumbani. Familia inayowashwa usiku yaweza kuwa inashika mbwa mwenye upele. Wakazi wa Murang'a na Nyeri wanawajua pia funza, wadudu wa jamii ya viroboto waliofika Afrika kutoka Brazil kwa meli iliyotia nanga Angola mwaka 1872. Funza huingia katika nyayo za mbwa na nguruwe kama wanavyoingia katika vidole vya mtoto. Ukimtoa mtoto funza na kumwacha mbwa nao, watarudi tu.

Ufanye nini?

Kwanza, fanya uchunguzi mdogo nyumbani. Chana manyoya ya mgongoni juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Punje nyeusi zikiyeyuka na kuacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na doa ni damu waliyonyonya.

Pili, mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Bodi hiyo hufanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwulize bila woga: "Daktari, utakwangua ngozi? Una hadubini?" Kama hana, mwombe apeleke sampuli katika maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iliyoko Karatina. Mwulize pia ni lini mara ya mwisho alihudhuria mafunzo kuhusu mbwa na paka. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo.

Tatu, usimwogeshe wala kumpaka kitu kabla ya kwenda, maana utafuta ushahidi. Chukua kifuniko au chupa ya dawa yoyote uliyokwisha kutumia.

Nne, tibu mbwa wote wa boma kwa wakati mmoja ikiwa daktari atasema ni upele au viroboto. Choma magunia wanayolalia na usafishe kibanda, kwani mayai na mabuu ya viroboto hukaa humo wala si mwilini mwa mbwa. Tangu mwaka 2013 na 2014 kumekuwa na vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto, kupe na vijidudu vya upele. Mwulize daktari kama vinamfaa mbwa wako, na umweleze ikiwa amewahi kupatwa na kifafa.

Sasa mrudie yule mbwa wako anayegonga mlango. Mgongo unaelekeza kwa viroboto. Masikio yanaelekeza kwa sakoptesi. Huenda ana yote mawili, na chupa ya dukani ingetibu moja na kuficha jingine. Kwangua kidogo na dakika chache za hadubini zingetosha kukata shauri, mradi yupo mtu aliyefunzwa kutazama. Wateja wakianza kuuliza maswali haya huko Nyeri, Nanyuki na Meru, madaktari wetu watapata sababu ya kurudi darasani.