Je, Wajua? Maktaba na Vitabu vya Eastlands

Je, wajua kwamba Eastlands ina angalau maktaba tatu za umma? Iko ya Kaloleni, iko ya Makadara inayoitwa rasmi Eastlands Library, na iko ya Buruburu kwenye Mumias South Road. Panda matatu ya 58 tu, umefika.

Hizo mbili za kwanza ni matawi ya McMillan, ile maktaba ya katikati ya jiji yenye nguzo nene na simba wawili wa mawe mlangoni. Ya Buruburu ni ya KNLS, huduma ya kitaifa ya maktaba iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. KNLS hiyohiyo ndiyo iliyoanza kuwapelekea wakazi wa Garissa vitabu kwa ngamia mnamo 1996. Kuna wanaomngoja ngamia atokee jangwani. Sisi tuna 58, na bado hatuishiwi na visingizio.

Je, wajua kwamba William Northrup McMillan hakuwahi kukanyaga maktaba yenye jina lake? Alifariki 1925, na maktaba ikafunguliwa 1931. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeijenga kwa kumbukumbu yake, akisaidiwa na fedha za shirika la Carnegie la New York. McMillan alikuwa tajiri kutoka St. Louis, Marekani, pandikizi la mtu, na alitaka kuzikwa kwenye kilele cha Ol Donyo Sabuk, mlima ule unaoonekana upande wa mashariki asubuhi isiyo na ukungu. Inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, akazikwa papo hapo njiani.

Jengo la maktaba ya McMillan lina sheria yake lenyewe, iliyopitishwa 1938. Ila kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao. Karani wa reli aliyekaa Makongeni, anayesoma Kiingereza bila kukwama, hakuwa na ruhusa ya kupita kati ya wale simba. Milango ilikuja kufunguliwa ukoloni ukiwa ukingoni, na mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji. Wapo wazee mitaani kwetu waliozaliwa kabla ya hapo, kwa hivyo haya si mambo ya kale sana.

Kaloleni yenyewe ilijengwa miaka ya 1940, na miongoni mwa waliotoa jasho ni mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukumbi wake wa jamii ulipokea mikutano ya chama cha KAU (Kenya African Union) wakati ambapo Mwafrika hakuwa na mahali pengi pa kusema siasa hadharani.

Je, wajua mitaa ya Mbotela na Ofafa imebeba majina ya watu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari? Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union, akauawa 1953. Na jina la Mbotela liko kwenye rafu pia: James Mbotela, wa ukoo huohuo, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London mwaka 1934, mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa vya nathari ya Kiswahili kutoka Kenya. Kinasimulia habari za watumwa waliokombolewa baharini wakapewa makao Freretown, Mombasa. Wahakiki wamemlaumu mwandishi kwa kuwamwagia Waingereza sifa kupita kiasi, na wana haki. Kisome hata hivyo, kisha ubishane nacho.

Habari njema: maktaba za Makadara na Kaloleni zimekarabatiwa. Kazi hiyo imesimamiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambalo liliingia mkataba na Kaunti ya Nairobi mwaka uliofuata. Paa, sakafu, rangi, rafu, orodha ya vitabu: vyote vilihitaji mkono. Mfalme Charles wa Uingereza alifika pale Makadara katika ziara yake ya 2023. Na filamu ya How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, inayofuatilia mahangaiko ya akina dada hao wawili na majengo hayo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance huko Marekani, Januari 2025. Yaani watu wa Utah wamezitazama maktaba zetu kwenye skrini kubwa kabla ya majirani wengine wa Jericho kuvuka barabara waingie.

Koinange ni mwandishi wa riwaya pia. The Havoc of Choice inahusu uchaguzi wa 2007 na yaliyofuata. Waliokuwa mitaani wakati ule hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu viti. Ingia maktaba yoyote ya mtaa wiki chache kabla ya KCSE: viti vimejaa, wengine wameketi sakafuni wameegemea ukuta, simu zinagombania soketi moja. Lakini angalia walichonacho mezani. Ni noti zao wenyewe, karatasi za mitihani iliyopita, labda na Bembea ya Maisha au Nguu za Jadi kwa kuwa zinatahiniwa. Rafu nyuma yao zimetulia tuli. Kuna wanaolalamika kwamba maktaba zimegeuzwa vyumba vya kudurusia. Mimi silalamiki. Katika nyumba ya chumba kimoja Kayole au Dandora, penye televisheni, mtoto mchanga na jirani mwenye spika, meza tulivu yenye taa ni kitu adimu kuliko kitabu. Anayetafuta meza amepata alichokuja kutafuta. Ninachomwomba ni kimoja tu: akichoka na hesabu, anyooshe miguu hadi kwenye rafu, kwa sababu kule nyuma ndiko mtaa wake ulikoandikwa.

Na akifika huko, asome mgongo wa kitabu. Je, wajua namba 896.392 ni ya nini? Ni fasihi ya Kiswahili, kwa mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi duniani bado zinautumia. Chini ya namba huwekwa herufi za mwanzo za jina la mwandishi: WAL ni Walibora, MOH huenda ni Said Ahmed Mohamed. Lugha ya Kiswahili yenyewe, sarufi na mengineyo, iko 496.392. Kandanda ni 796.334, kwa wale ambao Joe Kadenge Stadium iko karibu nao kuliko maktaba. Mapishi ni 641.5.

Kichekesho kiko kwenye 800. Fasihi ya Kiingereza imepewa namba kumi nzima, kuanzia 820 hadi 829. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 896, ndiyo maana namba yetu ina mkia mrefu. Na kwa kuwa Meja Mwangi aliandika kwa Kiingereza, riwaya zake huangukia 823, rafu moja na Charles Dickens, huku Ken Walibora akikaa kona nyingine kabisa. Wakenya wawili, kabila moja la wasimulizi, wametenganishwa na Dewey. Ukikosa kitabu cha Mkenya, muulize mkutubi kabla ya kukata tamaa; huenda kiko upande wa Waingereza.

Tukiwa kwa Meja Mwangi: Kill Me Quick ya 1973 ina vijana wawili waliomaliza shule, kazi hakuna, wakaishia vichochoroni. Kijana wa Kariobangi atajiuliza kama kweli kiliandikwa zamani hivyo.

Je, wajua Pumwani imo kwenye riwaya iliyopata tuzo Uingereza? Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye ilishinda Tuzo ya Sinclair mwaka 1986. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kwenye treni mwaka 1956 kumfuata mumewe Pumwani, na hakawii kupotelea ndani ya jiji. Macgoye mwenyewe alizaliwa Southampton, akaolewa na Mluo, akasimamia duka la vitabu hapa Nairobi. Ukinilazimisha nichague kitabu kimoja cha Eastlands, ni hiki. Ana kingine chenye jina linalojieleza: Victoria and Murder in Majengo.

My Life in Crime cha John Kiriamiti kiliandikwa gerezani na mtu aliyefungwa kwa wizi wa mabavu. Kilitoka 1984, mwaka uleule aliotoka yeye. Kimechakaa kwa kusomwa.

Sauti ya Dhiki nacho ni cha gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi?, akatunga mashairi hayo kwa siri, baadhi yake kwenye karatasi za chooni. Diwani ikachapishwa 1973, kisha ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Walibora aliwapa wanafunzi Siku Njema (1996), ambamo Kongowea Mswahili anafunga safari kutoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale. Mwandishi aligongwa na gari Aprili 2020 kwenye Barabara ya Landhies, njia ambayo wengi wetu hupita kila jioni tukitoka kazini.

Asiyependa vitabu vinene? Shujaaz, hadithi za katuni kwa Sheng, zilianza kugawiwa bure 2010 na kufikia 2012 zilikuwa zimenyakua tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nairobi Noir (2020), iliyohaririwa na Peter Kimani, ina hadithi fupi zilizopangwa kimtaa.

Geuza kitabu chochote, tazama namba juu ya alama ya mistari. Ikianza na 978-9966 au 978-9914, kimechapishwa Kenya. 9970 ni Uganda, 9976 na 9987 ni Tanzania. Jaribu pia kwa muuzaji wa inama, yule anayetandaza vitabu chini kando ya barabara, utashangaa vingi vimetoka wapi.

Na mtoto wa darasa la tano asiyetaka kabisa kusoma? Mtafutie Moses wa Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Uganda kisha Nairobi. Moses anasoma katika shule ya wavulana waliofukuzwa shule nyingine. Vitabu ni vyembamba, vituko ni vingi, na viko kadhaa mfululizo, kwa hivyo akinaswa na cha kwanza hutamsikia hadi chakula cha jioni.