Kwa Nini Malaria Hujificha Damuni?

Hapa kwetu Tarasaa mafuriko ya Tana yakishapungua, mbu huwa tele. Je, mbona askari wa mwili hawamkamati kijidudu cha malaria mara moja?

Askari ninaowasema ni chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Hukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Ajabu ni kwamba seli T haimtambui adui mzima. Chembe ya mwili ikivamiwa, hukatakata protini za adui na kuanika vipande juu ya utando wake, kama mvuvi aanikavyo kambare. Kila seli T ina aina moja tu ya kipokezi. Kikilingana na kipande cha antijeni, basi seli hiyo huzaana kwa maelfu: nyingine huua chembe iliyovamiwa, nyingine husaidia kutengeneza kingamwili.

Sasa tazameni ujanja! Mbu akishauma, vijidudu hukimbilia ini, wakakaa kama juma moja. Huko seli T zaweza kuwanasa, maana chembe za ini huanika. Kisha huingia chembe nyekundu, ambazo hazina kiini wala pa kuanikia. Seli T muuaji hupita hapo hapo, isijue kitu. Kazi huachiwa hasa kingamwili na bandama.

Ndiyo maana chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa pia kwa jirani zetu wa Kilifi, na kuanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, humlenga kijidudu kabla hajatoka inini. Kinga yake si kamili, tena hufifia miaka ikipita.