Milimita Mbili za Ngozi

Mtu mzima aliyechanjwa utotoni Tanzania akivua shati, mara nyingi utaona kovu dogo kwenye bega la kulia. Mkenya atakuonyesha la kwake kwenye kigasha cha mkono wa kushoto. Ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na lilianza kwa kazi ngumu kuliko inavyoonekana: kuiacha dawa ndani ya ngozi yenyewe, isipenye ikaishia kwenye mafuta yaliyo chini yake.

Namna ya kuifanya haijabadilika sana tangu Charles Mantoux, daktari wa Kifaransa, aitumie mwanzoni mwa karne ya 20 kupima kifua kikuu. Ngozi huvutwa ikakaza. Sindano hulazwa, karibu ilale kabisa, kwa nyuzi 5 hadi 15, tundu la ncha likitazama juu. Husukumwa kidogo tu, kisha inaingia dawa isiyozidi mililita 0.1, kama matone mawili. Ikikaa mahali pake, papo hapo hutokea kiuvimbe cheupe chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kisipotokea, dawa imezama. Kwa kipimo cha Mantoux, hapo muuguzi hutafuta sehemu nyingine na kuanza upya. Kwa BCG, dawa iliyozama inaweza kumwachia mtoto jipu.

Usumbufu huu una sababu. Mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliona seli zenye matawi katika tabaka la juu la ngozi, akazidhania kuwa za neva. Kumbe ni walinzi. Hunasa vipande vya kijidudu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, ambako mwili hujifunza kumtambua adui. Tabaka la chini yake, demisi, limejaa jamaa zao. Kwenye msuli walinzi hao ni haba, ndiyo maana baadhi ya chanjo zikiwekwa ndani ya ngozi hutosha kwa kiasi kidogo sana.

Faida yake inaonekana wazi kwa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Tangu 2018, mojawapo ya ratiba za chanjo ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza ni mililita 0.1 ndani ya ngozi, sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na baada ya siku 7. Chanjo hiyohiyo ikipigwa kwenye msuli, kila dozi humaliza kichupa kizima. Mbwa mmoja akiwauma watoto watatu wa nyumba moja, tofauti hiyo inaweza kuamua nani anapata chanjo leo na nani anaambiwa arudi kesho. Na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Sasa basi, ngozi hii ambayo dawa inatakiwa kubaki ndani yake ina unene gani? Ukiifinya kwa vidole unashika na mafuta. Ukikata kipande, hujikunja mara tu kinapotoka mwilini. Jibu limeletwa na altrasaundi, ndugu wa ile inayomtazama mtoto tumboni. Ya wajawazito hutumia mawimbi ya megahezi 3.5 hivi, ambayo kila moja lina urefu wa karibu nusu milimita. Kwa mawimbi marefu kiasi hicho, ngozi ni ukungu tu. Ya ngozi hupandishwa hadi megahezi 20, na wimbi hupungua kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Haliwezi kufika mbali ndani ya mwili, lakini hapa umbali hauhitajiki. Sauti hushuka, hugonga mpaka wa ngozi na mafuta, na mwangwi wake hurudi kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde. Kwenye skrini demisi hung'aa kwa wingi wa nyuzinyuzi zake, mafuta hubaki giza, na mpaka kati yake hupimika.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowapima hivyo watu wazima wenye asili ya Ulaya, Asia na Afrika. Begani ngozi ilikuwa na wastani wa milimita 2 hivi. Pajani ilikaribia 1.5, na juu ya mgongo, karibu na bega, 2.5. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba sehemu ya mwili ilichangia zaidi kuliko umri, jinsia, asili au kilo za mtu. Unene wetu uko chini ya ngozi, hauko ndani yake. Tena safari hii ngozi nyeusi ilipimwa tangu mwanzo, haikukadiriwa kutokana na ya wengine.

Kwa vipimo hivyo, sindano ya milimita 1.5 ikichomwa wima begani husimama ndani ya demisi. Mwaka 2009 Ulaya iliidhinisha chanjo ya mafua, Intanza, yenye sindano ya urefu huo. Vipimo vya namna hiyohiyo vimewafaa pia wagonjwa wa kisukari, wanaotaka kinyume chake, yaani dawa ivuke ngozi: sindano ya insulini ya milimita 4 inatosha karibu kila mtu mzima, wala hakuna haja ya zile ndefu zinazoweza kugusa msuli.

Katika zahanati nyingi sindano bado ni ile ya kawaida, na kila kitu kiko mkononi mwa muuguzi. Mkono huo nao unastahili kuzijua hesabu hizi. Ncha ikiingia milimita 3 kwa mlalo wa nyuzi 10, kina chake ni nusu milimita tu. Mtoto akishtuka, sindano ikainuka hadi nyuzi 45, milimita 3 zilezile zinashuka zaidi ya 2, na hata ngozi ya bega la mtu mzima isingeizuia. Dawa inaingia bila kikwazo chochote, na kile kiuvimbe hakionekani.