Siku 52 za Nehemia

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Nehemia. Nalielekeza kwanza kwa vijana walio vyuoni, kisha kwa wazee wa kanisa na akina mama wanaowapokea likizoni.

Kila likizo ndefu inapofika, vijana hurudi Garsen, Ngao, Tarasaa na Hola kutoka Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na kutoka vyuo vya Mombasa na Nairobi. Wengine hutumwa na vyama vya Wakristo vya vyuoni, ambavyo tangu mwaka 1973 vimeungana chini ya FOCUS. Wengi wao huja na moyo mwema, wakiuliza, "Baba Kasisi, kuna kazi gani ya kujitolea?" Kazi zipo. Kuna makundi ya akina mama, vyama vya watumiaji maji, kamati za amani, Msalaba Mwekundu na shule za Jumapili. Lililo gumu ni kuifanya kazi hata kijana akiondoka, kazi ibaki.

Nehemia anaweza kutufundisha, kwa sababu yeye naye alikuwa mtu wa likizo. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme kule Shushani. Aliposikia habari za Yerusalemu aliomba ruhusa, na mfalme akamwuliza atarudi lini. Nehemia akamtajia muda wake. Na katika mlango wa sita tunasoma kwamba ukuta ulikwisha kwa siku 52. Ndugu zangu, siku hizo hazizidi likizo moja ndefu. Alifanyaje?

Kwanza, alinyamaza na kutazama. Alikaa Yerusalemu siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta uliobomoka kabla ya kumwambia mtu yeyote shauri lake. Kijana, fanya hivyo nawe. Mto Tana haujulikani kwa kusomwa vitabuni tu. Mgeni akiona mafuriko huuliza kwa nini watu wasihame moja kwa moja. Hajui kwamba Mpokomo hulima kwa kufuata unyevu ambao mto huuacha unaporudi nyuma. Hajui pia kwamba Morma na Mwardei huwaleta ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi kwa njia zao za zamani, ziitwazo malka. Mtu aweza kuchimba kisima au kuzungushia shamba la kikundi ua kwa nia njema kabisa, kumbe ameziba malka. Msaada wake umekuwa mbegu ya ugomvi. Basi waulize wazee wa pande zote mbili kabla hujashika jembe.

Pili, Nehemia aliwaacha wenyeji wajenge. Someni mlango wa tatu. Wafua dhahabu walijenga, makuhani walijenga, mabinti wa Shalumu walijenga, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kinachotaka kusajiliwa. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili makundi ya kijamii inataka kikundi kiwe na katiba yake na kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha. Mwanafunzi aweza kuyaandika yote kwa jioni moja. Lakini akiondoka, nani ataandika kumbukumbu za mkutano ujao? Afadhali aketi na katibu wa kikundi wiki tatu, mama yule ashike kalamu mwenyewe, akosee, arekebishe. Kazi itakwenda polepole, lakini itabaki kijijini.

Tatu, Nehemia hakuwalemea watu. Katika mlango wa tano anasema kwamba hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa na mzigo mzito. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana, chota maji, osha sahani, lala palipo na nafasi. Na ninyi wazee wa kanisa, msimfanye kijana kuwa mtumishi wa bure. Yesu alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Anayejitolea haombi mshahara, lakini nauli na chakula ni haki yake.

Nne, na hapa nawaomba msikilize sana. Katika mlango wa saba Nehemia anashika kitabu cha majina, kuhesabu watu kwa jamaa zao. Kwetu pia kazi ya majina humwangukia mwanafunzi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalizitoa jamaa nyingi majumbani mwao. Katika shida ya namna hiyo mtu huandika orodha, kwamba nyumba hii ina watoto wangapi na inahitaji mahema mangapi. Asiyeandikwa halali ndani ya hema. Kalamu ile ina nguvu kuliko mahubiri yangu.

Sisi wa Tana twajua gharama ya kumwona jirani kuwa si mtu wa kuhesabiwa. Tarehe 22 Agosti 2012, kijijini Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Hadi mapema mwaka 2013 waliokufa katika mapigano hayo ya Wapokomo na Waorma walikuwa wamepita 100. Sisemi kwamba orodha ndiyo iliyoyaleta. Nasema kwamba mtoto anayeona jina la baba yake limerukwa kwa sababu ya kabila au dini atakua nalo moyoni. Mwanafunzi Mkristo na aandike nyumba ya Mwislamu kwa uangalifu uleule anaoandikia nyumba ya mama yake, kisha aisome orodha hadharani, mbele ya pande zote, ili aliyesahauliwa ainue mkono.

Mwisho, tusisahau mlango wa 13. Nehemia aliporudi kwa mfalme, mambo yaliharibika. Tobia alipewa chumba cha ghala, na Walawi, kwa kukosa posho zao, walikimbilia mashamba yao. Ikiwa kazi ya Nehemia ililegea alipokuwa mbali, ya kwetu je? Kwa hiyo, kijana, wiki yako ya mwisho iwe ya kukabidhi. Toa daftari, toa funguo, hesabu fedha mbele ya kamati, mwonyeshe atakayeshika kazi baada yako. Usianze jambo jipya wiki hiyo, hata likiwa zuri. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Uponyaji huo na uendelee hata basi lako likiisha kupita Minjila.

Tuombe. Ee Bwana, wabariki vijana wetu wanaotoa likizo yao. Wape masikio kabla ya maneno, na mkono usiomruka jirani. Uwalinde watu wa mto huu, wakulima na wafugaji, wakati wa maji na wakati wa ukame. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.