«Passif» si «liabilities»: juu ya kufasiri istilahi za uhasibu kutoka Kifaransa hadi Kiingereza

1. Utangulizi

Msafiri anayetoka Lubumbashi kuelekea kusini hufika mpakani Kasumbalesa kabla hajatimiza kilomita mia moja. Upande wetu wa mpaka, vitabu vya hesabu huandikwa kwa Kifaransa. Upande wa Zambia huandikwa kwa Kiingereza. Malori yaendayo Dar es Salaam hupita hapo kila siku, na pamoja na mizigo hupita pia karatasi. Tena, tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kenya, Uganda na Tanzania huendesha uhasibu wao kwa Kiingereza. Ndiyo maana wanafunzi wetu wa lisansi, hata wale ambao hawajapata kufungua daftari la hesabu, huitwa na wafanyabiashara na kuambiwa: «Wewe unajua lugha, tufasirie hii bilan.»

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jambo moja: istilahi ya uhasibu haifasiriwi kwa kufuata umbo la neno, bali kwa kufuata kazi ambayo neno hilo linafanya ndani ya daftari. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili, ambacho wengi hukisahau katika kazi hii, kinaweza kumsaidia mfasiri kupima kama ameelewa anachokifasiri.

2. Kosa moja na gharama yake

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa unga alituomba tumfasirie muhtasari wa mizania yake, ukurasa mmoja tu. Alitaka kupewa bidhaa kwa mkopo na muuzaji wa ng'ambo ya mpaka. Ili kulinda siri yake tunabadilisha tarakimu, lakini uwiano wake ulikuwa kama huu: mali zote, dola 500.000, «capitaux propres», dola 320.000, «dettes», dola 180.000, «total passif», dola 500.000.

Sisi tuliandika bila kusita: «total liabilities, 500,000». Na «capitaux propres» tukaiita «own capitals», maneno ambayo hayamwambii kitu mhasibu wa Kiingereza. Baada ya majuma mawili jibu likaja: kampuni inayodaiwa sawasawa na kila ilicho nacho haiwezi kukopeshwa.

Muuzaji yule hakukosea hata kidogo. Kwa Kiingereza, «liabilities» ni madeni tu, yaani yale ambayo kampuni inadaiwa na watu wengine. Kwa Kifaransa, «passif» ni upande mzima wa mizania unaoonyesha fedha zilitoka wapi: zile za wenye kampuni, pamoja na zile za waliowakopesha. Tulipaswa kuandika «total equity and liabilities», na katika mstari wa juu yake «equity, 320,000». Mfanyabiashara wetu alikuwa na zaidi ya nusu ya mali yake bila deni. Kalamu yetu ikamfanya kuwa mtu asiye na kitu. Karatasi ilisahihishwa, lakini msimu wa bei nafuu ulikuwa umekwisha kupita.

3. Kwa nini maneno hayalingani

Ieleweke kwamba hapa hatufasiri lugha mbili tu, bali mapokeo mawili. Uhasibu wetu umepangwa na sheria. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara iliyozaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Port-Louis mwaka 1993. Sheria yake ya uhasibu inayotumika sasa ilipitishwa Brazzaville tarehe 26 Januari 2017, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2018. Sheria hiyo inaweka orodha ya akaunti zenye namba, na kwa kawaida kampuni huifuata. Katika nchi jirani za Kiingereza hakuna orodha moja ya namna hiyo inayozibana kampuni zote. Huko hufuatwa kanuni za kimataifa, ambazo husema kila jambo lipimwe na kuonyeshwa vipi, lakini hazisemi akaunti ipewe namba gani.

Ni kweli kwamba Kiingereza ni lugha mojawapo ya kazi katika OHADA. Mkataba ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2008 ulikubali Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno. Nayo Kamerun, ambayo ni mwanachama, ina mikoa miwili ya Kiingereza. Lakini mkataba huohuo unasema kwamba tafsiri zikihitilafiana, maandishi ya Kifaransa ndiyo yanayoshinda. Kanuni hiyo inamlinda hakimu. Haimlindi mfanyabiashara ambaye karatasi yake inasomwa ofisini Ndola au Nairobi na mtu asiyejua Kifaransa.

4. Mifano ya maneno yanayodanganya

4.1. «Solde», «balance», «bilan». Mwanafunzi akiona «balance» kwa Kifaransa, huandika «balance» kwa Kiingereza na kuendelea. Lakini «balance» ya Kiingereza ikisimama peke yake ndiyo «solde» yetu, yaani kiasi kinachobaki katika akaunti. «Balance» ya Kifaransa, ile orodha ya akaunti zote inayohakikisha kwamba debiti na krediti zinalingana, kwa Kiingereza ni «trial balance». Na «bilan» ni «balance sheet», ambayo kanuni za kimataifa siku hizi huiita «statement of financial position». Kiswahili hapa kina maneno matatu yasiyochanganyika: salio, urari na mizania. Anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo matatu lililo mbele yake, hatapotea kwa Kiingereza.

4.2. «Amortissement». Kifaransa kina neno moja. Kiingereza kina mawili. Mashine, lori au jengo likipungukiwa thamani mwaka hata mwaka, Kiingereza husema «depreciation». Kikiwa kitu kisichoshikika, kama leseni au programu ya kompyuta, husema «amortization». Tena Kifaransa hulitumia neno hilohilo kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo. Kiswahili husema uchakavu kwa lori na marejesho kwa mkopo, na hakuna anayeweza kudhani kwamba mkopo umechakaa.

4.3. «Provision». Hili ndilo lenye hatari kuliko yote. Fedha zinazotengwa kwa sababu ya kesi ambayo huenda kampuni ikashindwa ni «provision» kwa lugha zote mbili. Lakini vitabu vya zamani husema pia «provision pour dépréciation» pale ambapo mteja anahofiwa kwamba hatalipa. Hilo si deni la kampuni. Ni upungufu wa mali yake, na Kiingereza huliita «allowance» au «impairment». Sheria ya 2017 huliita «dépréciation» tu, lakini ulimi wa wahasibu wetu haujasahau jina la zamani. Na «chèque sans provision» ni jambo jingine kabisa: hundi isiyo na fedha benki.

4.4. «Créances» na «dettes». Tumekwisha kuona «créances» ikifasiriwa «credits», na maana ikapinduka. «Créances clients» ni «trade receivables». «Dettes fournisseurs» ni «trade payables». Kiswahili hutatua jambo hili kwa kitenzi kimoja tu: kudai na kudaiwa. Wadai ni wale tunaopaswa kuwalipa; wadaiwa ni wale wanaopaswa kutulipa. Silabi moja inatosha kuweka kila mtu upande wake.

4.5. Maneno ya kawaida. «Produits» katika uhasibu si bidhaa, bali mapato: «income». «Charges» ni gharama: «expenses». «Exercice» ni mwaka wa hesabu: «financial year». «Chiffre d'affaires» ni «revenue», au «turnover» kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Uingereza. «Stocks» ni «inventories». Kwa Mmarekani, «stock» ni hisa za kampuni. Na «commissaire aux comptes» ni mkaguzi wa hesabu, «auditor». Ukimwita «commissioner», msomaji wa Tanzania au wa Kenya atamdhani kuwa ofisa wa mamlaka ya kodi.

5. Nukta, mkato na sifuri

Tarakimu nazo hufasiriwa. Sisi huandika 12.500,00, Mwingereza huandika 12,500.00. Ukimpelekea 12.500 bila kubadilisha, anaweza kusoma kumi na mbili na nusu. «Milliard» yetu ni «billion» yake, ilhali «billion» ya Kifaransa ni milioni mara milioni. Wakongo hatuhitaji kufundishwa uzito wa sifuri: mwaka 1993, zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre 3.000.000 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100.000.

6. Njia tunayoipendekeza

Mbele ya kila istilahi, mfasiri na ajiulize maswali matatu.

Kwanza: akaunti hii ina namba gani? Namba ndiyo dira yetu. Tarakimu ya kwanza inaonyesha ukoo wa akaunti: 1 ni fedha za kudumu, 2 ni mali za kudumu, 3 ni bidhaa ghalani, 4 ni wadai na wadaiwa, 5 ni fedha taslimu na benki, 6 ni gharama, 7 ni mapato, 8 ni gharama na mapato yasiyo ya shughuli za kawaida. Kwa hiyo «provision» iliyo katika akaunti 19 ni «provision» ya Kiingereza. Ile inayoitwa hivyo katika akaunti 491 ni upungufu wa madai juu ya wateja. Neno ni moja, namba ni mbili. Karatasi ikija bila namba, mwombeni mhasibu urari wake kabla ya kuanza kazi.

Pili: ningemweleza jambo hili kwa Kiswahili namna gani mwenye duka asiyejua Kifaransa wala Kiingereza? «Passif» ingepita katika swali hili, tungelijibu: «ni fedha zilikotoka, zako na za watu.» Hapo neno «liabilities» lisingeweza kutudanganya.

Tatu: nani atasoma? Mkaguzi wa Lusaka, benki ya Nairobi na mnunuzi wa Marekani hawatumii maneno yaleyale.

7. Hitimisho

Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya wahasibu, si ya wanaisimu. Sisi tunaona kwamba ni ya wote wawili wakikaa meza moja: mhasibu anajua akaunti inafanya nini, mwanaisimu anajua neno linabeba nini. Kwa kuwa katika miji yetu wawili hao huzungumza kwa Kiswahili, ingefaa faharasa za istilahi zinazoandaliwa na wanafunzi wetu ziwe na safu nne: namba ya akaunti, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, kwa mpangilio huo. Kiswahili kikae katikati, kwa maana hapo ndipo mfasiri anapogundua kama ameelewa au amenakili tu. Nasi tuliojifunza kwa hasara ya mtu mwingine tunawaomba wanafunzi: kabla ya kuandika «total», ulizeni kwanza ni jumla ya nini.