Mgonjwa wa Utumbo Ale Nini?

Mwenye ugonjwa wa Crohn huogopa sahani. Akila, tumbo humsokota na kumharisha; akiacha kula, mwili hukonda na nguvu za kazi humtoka. Ugonjwa huu ulipata jina kwa Dakta Burrill Crohn, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili huko New York mwaka 1932. Kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe, ukavimba na kutoka vidonda, na pengine baada ya miaka njia yake ikawa nyembamba.

Mgonjwa huyo hakosi washauri. Huyu amwambia aache nazi, yule aache pilipili, wa tatu amkataza samaki, mwisho hubaki na uji mweupe na chai ya rangi. Hayo twayapinga. Hakuna chakula kimoja kilichothibitika kuuleta ugonjwa huu, wala kimoja kiuponyacho. Sigara, ambayo washauri wetu huisahau, huuzidisha bila shaka.

Wasomaji wetu wamezoea kusikia sifa za dona. Ni sifa za haki. Dakta Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 kama mpasuaji, alihubiri baadaye kwamba makapi ya nafaka ni kinga ya matumbo. Lakini limfaalo mzima laweza kumdhuru mgonjwa. Utumbo ukiisha kuwa mwembamba, mahindi ya kuchoma, mizizi ya muhogo yenye nyuzi na nyama za chungwa la Muheza huweza kukwama na kuziba njia, ikawa safari ya chumba cha upasuaji. Siku hizo bada laini, wali, ndizi mbivu na changu aliyechemshwa na kutolewa miiba ndivyo vimfaavyo. Maumivu yakitulia, na mganga akiwa amehakikisha kwamba njia i wazi, mboga na matunda na virudi kidogo kidogo.

Samaki asiachwe ovyo. Vitamini B12, inayojenga damu, haimo katika mboga. Imo katika samaki, nyama, mayai na maziwa, nayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mdogo, pale pale ugonjwa huu upendapo kukaa. Sehemu hiyo ikikatwa, mgonjwa huhitaji sindano za vitamini hiyo hata akila vizuri namna gani. Kwa watoto, waganga huweza kutumia chakula maalumu cha majimaji peke yake kwa wiki 6 hadi 8, na uvimbe hutulia. Uji wa lishe wa nyumbani haushiki nafasi yake.

Liko neno zito zaidi. Kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn, hata mabingwa hutatizika. Dawa zinazopunguza kinga ya mwili, zimfaazo mwenye Crohn, humpa nguvu mdudu wa kifua kikuu. Kwa hiyo anayeharisha kwa majuma huku akikonda asijitibu kwa kubadili vyakula jikoni. Aende Bombo akapimwe. Na msimamizi wa shamba la mkonge au kiwanda, amwonapo mtu akiomba kwenda chooni mara ya sita asubuhi moja, asimwandike mvivu, bali ampe ruhusa ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.